Likizo ya wawili Cape Town msimu wa mvua: mwongozo wa Juni hadi Agosti

Kila mwaka ikifika Mei maswali huwa yale yale. Cape Town mwezi wa Julai kuna baridi ya namna gani? Mwavuli unatosha? Je, tukifika tukakuta mlima wa Table Mountain umefungwa? Tuahirishe hadi Desemba? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wawili wanaotoka Afrika Mashariki kwenda kupumzika kwa juma moja, iwe ni fungate, kumbukumbu ya ndoa, au kuondoka tu mbele ya kazi na simu.

Hakuna haja ya kuahirisha. Desemba mji hufurika watu na vyumba hupanda bei. Julai mnapata chumba kizuri zaidi kwa pesa ile ile na meza ya mkahawa bila kusubiri. Ila kuna sharti moja, na ndilo linalowashinda wengi: safari ya msimu wa mvua haipangwi kwa tarehe, inapangwa kwa upepo. Anayeandika "Jumatatu mlimani, Jumanne kisiwani Robben Island" akiwa bado Nairobi au Dar es Salaam atalipa tiketi za sehemu zilizofungwa.

Na msimsikilize rafiki aliye Johannesburg anayesema kipupwe cha Afrika Kusini ni kikavu. Kwake ni kweli, maana huko mvua hunyesha majira ya joto. Cape Town ni kinyume: mvua zake ni za Mei hadi Agosti, na Juni na Julai ndio kilele. Mchana wa Julai hufika nyuzi 17 au 18, usiku hushuka hadi 7. Mtu wa Nairobi husema, "Hiyo si baridi, tumeizoea." Tofauti iko kwenye upepo, na kwenye nyumba ambazo nyingi hazina mfumo wa kupasha joto.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Pasipoti mbili, kila moja ikiwa na angalau siku 30 za uhai baada ya tarehe mtakayoondoka Afrika Kusini, na kurasa mbili tupu.
- Viza, kama inahitajika. Raia wa Kenya na Tanzania hawahitaji kwa ziara isiyozidi siku 90 kwa mwaka. Wenye pasipoti za nchi nyingine waulize ubalozi kabla ya kulipia ndege.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo. Mtanzania anayebadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa naye awe nacho. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Ya jana haihesabiki.
- Tiketi ya kurudi na uthibitisho wa malazi, vyote vimechapishwa. Simu ikizima mbele ya ofisa wa uhamiaji, karatasi haizimi.
- Kadi mbili za benki, kila mmoja abebe yake. Kama mnakodi gari, moja iwe kadi ya mkopo yenye jina la dereva.
- Bima ya safari inayotaja matibabu na safari kufutwa.
- Adapta mbili za plagi. Soketi za kule ni za pini tatu nene za duara. Plagi zetu za pini bapa haziingii. Nunueni kabla ya kuondoka.
- Usiku sita au saba. Hii si anasa, na hatua ya 1 inaeleza kwa nini.

Hatua ya 1: Chagueni tarehe

Mvua ya Cape Town haikai juma zima. Huja kwa mikumbo ya hewa baridi inayotoka baharini: unapita mmoja, mji unatulia siku moja hadi tatu, kisha unakuja mwingine. Wakati mwingine hufuatana miwili au mitatu bila nafasi katikati. Mkienda kwa usiku tatu, mnaweza kukaa ndani ya mkumbo mmoja tangu kutua hadi kuondoka. Kwa usiku sita au saba, ni nadra mkose siku mbili nzuri.

Angalieni mambo mawili kabla ya kulipa. Magari ya waya yanayopandisha watu Table Mountain hufungwa kila mwaka kwa matengenezo, kwa kawaida mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Tarehe kamili hutangazwa mapema kwenye tovuti yao. Pia shule za kule hufunga kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai, na bei hupanda kidogo. Anayetaka kuona nyangumi asogee Agosti: wanaanza kufika pwani ya Hermanus mwezi wa Juni lakini huwa wengi kuanzia Agosti.

Hatua ya 2: Ndege

Kutoka Nairobi ipo ndege ya moja kwa moja, kama saa tano na nusu hewani. Kutoka Dar es Salaam, Entebbe au Kigali mtabadilisha Nairobi, Addis Ababa au Johannesburg. Mkipita Johannesburg, uhamiaji mnaumaliza pale pale, mnachukua mizigo, mnaipitisha forodhani na kuikabidhi upya kwa ndege ya ndani. Acheni saa tatu kati ya ndege mbili. Wanaoacha saa moja na nusu ndio mnaowaona wakikimbia na masanduku.

Hatua ya 3: Malazi, na maswali ya kumtumia mwenye nyumba

Kaeni Gardens, Sea Point, Green Point au karibu na V&A Waterfront. Kutoka hapo makumbusho na mikahawa ni mwendo mfupi kwa teksi. Camps Bay hupendeza sana pichani, lakini ni mtaa wa kiangazi; mvua ikinyesha mtakuwa mnatazama mawimbi dirishani huku kila kitu mnachotaka kufanya kiko upande wa pili wa mlima. Newlands, chini ya ubavu wa mashariki wa mlima, hupata zaidi ya mara mbili ya mvua inayonyesha uwanja wa ndege, ingawa ni mji ule ule.

Kabla ya kulipa, tumeni maswali haya kwa maandishi:

1. Chumba cha kulala kina hita ya aina gani? (Hita iliyo sebuleni peke yake haihesabiki.)
2. Kitandani kuna blanketi la umeme?
3. Umeme ukikatika, betri inaendesha nini? Mara nyingi ni taa na intaneti tu, hita haimo. Kama kuna hita ya gesi au meko ya kuni, hapo pazuri.
4. Tangi la maji ya moto ni la lita ngapi? Lita 150 zinawatosha wawili kuoga kwa kufuatana. Lita 50 zitamwacha wa pili na maji ya baridi, na asubuhi itaanza vibaya.
5. Nguo zilizolowa zinakaushwa wapi?
6. Gari linalala ndani ya geti?

Mwenye nyumba anayejibu yote sita bila kuzunguka, mlipeni. Anayejibu "msiwe na wasiwasi, kuna joto" tafuteni mwingine.

Hatua ya 4: Nguo, kwa kila mtu

- Koti 1 la mvua lenye kofia, na kofia iwe na kamba ya kukaza. Bila kamba upepo unaivua kila hatua tatu.
- Sweta 2, za sufu au za manyoya laini.
- Fulana za ndani zenye mikono mirefu 3, za sufu au poliesta. Pamba ikilowa haikauki na inakubaridisha.
- Suruali 3, jinzi isizidi moja.
- Soksi nene jozi 6.
- Viatu vya kufunika jozi 2 vyenye soli inayoshika. Jozi mbili kwa sababu moja itakuwa inakauka.
- Skafu, kofia ya kusokotwa, na nguo moja nzuri ya kutokea usiku.

Msinunue makoti ya bei kubwa dukani. Gikomba, Toi, Kongowea na Karume kuna makoti ya mvua ya mitumba yaliyoshonwa kwa nchi za baridi. Lipimeni hivi: mwagia mkono wa koti maji nusu glasi. Yakitiririka kama juu ya jani la mgomba, lichukue. Kitambaa kikigeuka cheusi na kunywa maji, lirudishe. Kisha geuza ndani uangalie mishono. Inatakiwa iwe imefunikwa kwa utepe usiobanduka.

Mwavuli bebeni mmoja mdogo wa kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Upepo wa dhoruba za kule huupindua mwavuli kabla hamjavuka barabara.

Hatua ya 5: Pesa, simu na saa

Karibu kila mahali mnalipa kwa kugusisha kadi. Chukueni randi taslimu chache kwa ajili ya walinzi wa magari mtaani, randi 5 hadi 10 kila mnapoegesha, na bakshishi ya mkahawani, asilimia 10 hadi 15. Toeni pesa kwenye mashine iliyo ndani ya benki au ndani ya jengo la maduka, mchana, na msikubali msaada wa mtu yeyote aliyesimama jirani.

Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti na anwani mnayofikia, kwa hiyo ile karatasi ya malazi iwe mfukoni.

Saa inawakosesha Waswahili wengi miadi. Cape Town iko nyuma yetu kwa saa moja, na kila tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu. Tiketi ya 11:00 ni saa tano asubuhi ya kule, wakati nyumbani ni saa sita mchana. Acheni simu ijirekebishe yenyewe, kisha kabla ya kulala kila mmoja ataje kwa sauti saa ya miadi ya kesho. Mkitaja saa mbili tofauti, fungueni tiketi.

Mchana pia ni mfupi kuliko tuliouzoea. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza kama saa 1:50 asubuhi na kuzama saa 11:45 jioni. Hakuna maana ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, na shughuli za nje ziishe saa kumi na moja jioni.

Hatua ya 6: Andikeni orodha mbili badala ya ratiba

Chukueni karatasi, mgawanye katikati. Kushoto ni mambo ya siku ya mvua, kulia ya siku ya jua. Msiandike tarehe hata moja.

Orodha ya mvua yenye uzito:

- *Waterfront, siku nzima.* Zeitz MOCAA, jumba la sanaa ya kisasa ya Afrika lililofunguliwa mwaka 2017 ndani ya ghala la nafaka la miaka ya 1920. Wasanifu waliyachonga mapipa ya zege ya kuhifadhia nafaka hadi yakawa ukumbi mrefu kama sega la asali. Jumatano asubuhi kuna utaratibu wa raia wa nchi za Afrika kuingia bure kwa kuonyesha kitambulisho. Hakikisheni kwenye tovuti yao kabla ya kwenda. Umbali wa dakika chache kwa miguu kuna Two Oceans Aquarium, jumba la samaki hai, na soko la ndani la kazi za mikono liitwalo Watershed.
- *Katikati ya mji, siku nzima.* District Six Museum, inayosimulia mtaa uliotangazwa kuwa wa weupe mwaka 1966 na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa kwa nguvu. Wekeni saa mbili, na mkiweza ombeni kuongozwa na mtu aliyewahi kuishi pale. Msipachanganye na mahali pa kucheka-cheka; pangeni kitu cha utulivu baada yake. Kisha Iziko South African Museum, iliyoanzishwa mwaka 1825.
- *Chai ya alasiri katika hoteli ya Mount Nelson*, ile ya waridi iliyofunguliwa 1899. Nafasi lazima iwekwe mapema. Msile chakula cha mchana siku hiyo, mtashindwa kumaliza.
- *Sinema ya Labia* mtaa wa Orange, iliyoanza 1949 kama ukumbi wa maigizo, kwa usiku wa mvua.
- *Mapishi ya Bo-Kaap.* Ni mtaa wa zamani wa Waislamu, na kwa mtu wa pwani hapa ni kama kwa jamaa: sambusa, vitumbua vyao vya sharubati viitwavyo koesister, nyama ya kuoka na yai iitwayo bobotie. Zipo familia zinazofundisha kupika majumbani mwao kwa saa tatu hivi. Chakula halali kinapatikana kwa urahisi mjini kote, na msikiti wa Auwal wa mwaka 1794 uko mtaa wa Dorp hapo hapo. Angalizo: barabara za mawe za mteremko huteleza sana zikilowa.
- *Groot Constantia*, shamba la mizabibu la tangu 1685, dakika 20 hivi kwa gari. Asiyekunywa mvinyo bado ana chakula cha mchana karibu na meko.

Orodha ya jua: Table Mountain, Robben Island (kisiwa cha gereza alikofungwa Mandela), mzunguko wa rasi hadi Cape Point, bustani ya Kirstenbosch, na Hermanus kwa nyangumi (kilomita 120 hivi, saa moja na nusu kwenda).

Hatua ya 7: Kila jioni saa mbili, someni upepo

Hii ndiyo kazi ya kila siku, dakika kumi tu. Fungueni programu yoyote ya hali ya hewa inayoonyesha mwelekeo wa upepo, na tahadhari za South African Weather Service, ambazo hutolewa kwa rangi: njano, rangi ya chungwa, nyekundu. Kisha linganisheni na dalili hizi:

1. *Siku ya joto lisilotegemewa.* Upepo mkavu unashuka kutoka bara, Julai inageuka ghafla kuwa nyuzi 25. Wageni hushangilia wakidhani baridi imekwisha. Hiyo ni dalili kwamba mkumbo uko njiani. Itumieni siku hiyo yote nje.
2. *Upepo unageuka kaskazini-magharibi*, mawingu yanashuka na kuumeza mlima. Wapwani wetu tumezoea kusi ndio mwenye nguvu miezi hii. Kule wa mvua ni huu. Mvua kubwa hufuata ndani ya saa chache. Orodha ya kushoto.
3. *Upepo unageuka kusini-magharibi*, mvua inakuwa ya vipindi, baridi inachoma. Bado orodha ya kushoto, au Kirstenbosch katikati ya vipindi. Siku kama hii theluji huweza kuanguka milima ya upande wa Ceres, na wenye gari huendesha saa mbili kwenda kuiona kesho yake.
4. *Utulivu.* Hewa imeoshwa, mlima uko wazi kama umechorwa. Orodha ya kulia, bila kuchelewa.

Kosa linalorudiwa: kwenda Robben Island siku ya kwanza ya jua. Anga limetakata lakini bahari bado imechafuka kutokana na dhoruba ya jana, na boti hufutwa. Siku ya kwanza ya utulivu ni ya mlima. Ya pili ni ya kisiwa.

Hatua ya 8: Siku ya mlima

1. Nunueni tiketi mtandaoni usiku uliotangulia au asubuhi hiyo, si mwezi kabla. Someni masharti ya tiketi: inatumika siku ngapi mlima ukifungwa.
2. Kabla ya kutoka chumbani, tazameni kwenye tovuti yao kama magari ya waya yanafanya kazi. Kinachoyafunga ni upepo. Kunaweza kuwa na jua kali Sea Point na juu pasipandike.
3. Vaeni kila kitu. Kituo cha juu kiko mita 1,067 na kuna baridi kuliko mjini.
4. Gari huchukua watu 65 na sakafu yake huzunguka, kwa hiyo msigombanie dirisha. Safari ni kama dakika tano.
5. Mkisikia king'ora cha kuwaita watu washuke, shukeni hapo hapo. Wanaobaki kwa picha moja zaidi hujikuta kwenye foleni ndefu upeponi.

Msipande kwa miguu kupitia Platteklip Gorge siku yenye mawingu au mawe yaliyolowa. Ukungu hufunika njia kwa dakika chache, na waokoaji huitwa mara nyingi kwa sababu hiyo.

Hatua ya 9: Siku ya kisiwa

Boti huondoka Nelson Mandela Gateway, Waterfront. Ziara nzima huchukua kama saa tatu na nusu. Mandela alikaa pale miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake, na waongozaji wa ndani ya gereza wamekuwa wale waliofungwa humo. Hapa ndipo kanuni ya kutopanga tarehe inalegea kidogo, kwa kuwa nafasi hujaa: wekeni siku ya tatu au ya nne ya safari yenu, ili boti ikifutwa zibaki siku za kuihamishia. Fikeni nusu saa kabla. Anayechafukwa na bahari anywe dawa saa moja kabla ya kupanda, si akiwa tayari ameinama ukingoni.

Hatua ya 10: Mzunguko wa rasi

Kodini gari kwa siku hii moja. Siku nyingine teksi za simu, Uber au Bolt, zinatosha. Wanaendesha kushoto kama sisi. Ondokeni saa 2:30 asubuhi: Hout Bay, Chapman's Peak Drive, Cape Point (saa mbili na nusu), pengwini wa Boulders karibu na Simon's Town (saa moja), samaki na chipsi Kalk Bay, kisha mjini kabla ya giza. Jumla ni kama kilomita 150.

Chapman's Peak hufungwa mvua kubwa ikilegeza mawe. Angalieni kabla ya kuondoka. Ikifungwa, piteni Ou Kaapse Weg. Cape Point kuna nyani wakubwa: milango ya gari ifungwe, na msile chochote nje. Mkiona kijia kinapita ukingoni mwa bahari na mawimbi yanaruka juu yake, rudini. Hata matembezi ya Sea Point hupigwa na mawimbi siku za dhoruba.

Usalama, kwa ufupi lakini kwa dhati

Mchana tembeeni penye watu. Usiku, hata kama mkahawa ni mita 400, piteni kwa gari. Signal Hill na vijia vya Lion's Head msibaki wawili peke yenu jioni. Na kuna utapeli mmoja wa kujua: mtu aliyevaa kama ofisa, mwenye kitambulisho shingoni, anawaambia barabara hii inahitaji kibali na kibali kinatolewa kwa kadi kwenye mashine ya benki. Hakuna kibali cha kutembea barabarani. Msisimame, msitoe kadi, ingieni dukani. Namba ya dharura kwa simu ya mkononi ni 112, polisi 10111.

Mambo yakienda mrama

*Mvua imekaa siku tatu mfululizo.* Msimalize orodha ya kushoto yote siku ya kwanza. Jambo kubwa moja kwa siku, na alasiri ya kulala. Siku ya tatu ndiyo ya Mount Nelson au mapishi ya Bo-Kaap, kwa kuwa vinahitaji nguvu kidogo.

*Boti imefutwa.* Ombeni kuhamishiwa siku nyingine hapo hapo kaunta, kabla foleni haijajaa. Kama hakuna siku, ombeni kurudishiwa pesa kwa maandishi.

*Viatu vimelowa ndani.* Toeni soli ya ndani, jazeni magazeti, badilisheni baada ya saa mbili, kisha yaacheni usiku kucha. Msiviweke juu ya hita, gundi inaachia.

*Chumba kinanuka unyevu na madirisha yanatoa jasho.* Fungueni dirisha dakika 10 asubuhi hata kama kuna baridi, na msianike nguo chumba cha kulala. Ukungu mweusi ukutani ni sababu tosha ya kudai chumba kingine.

*Umeme umekatika.* Ombeni chupa za mpira za maji ya moto. Maduka ya dawa huziuza pia. Jazeni maji yaliyochemka na kupoa kidogo, theluthi mbili tu, toeni hewa, fungeni.

*Kampuni ya magari imekataa kadi yenu.* Mara nyingi ni kwa kuwa si ya mkopo, au jina si la dereva. Msibishane nusu saa. Chukueni ziara ya siku moja ya basi dogo, inapita njia ile ile ya rasi.

*Mmoja ameshikwa na mafua.* Maduka ya dawa yako kila jengo la maduka na mfamasia anashauri bila miadi. Chai ya rooibos yenye tangawizi na asali inatuliza koo. Mgonjwa apumzike siku nzima, na mwenzake asilazimike kukaa naye. Zeitz MOCAA anaweza kwenda peke yake kwa saa mbili na kurudi na supu.

*Mmeanza kununiana.* Hutokea kama siku ya nne, mmoja akitaka kutoka mvuani na mwingine akitaka meko. Kubalianeni tangu nyumbani kwamba kila mmoja ana siku moja ya kuamua peke yake bila kuhojiwa, na ziwekeni alama kwenye ile karatasi ya orodha mbili. Kama siku hizo hazijatumika, leo itumike ya yule aliyechoka zaidi.